Mizigo ya Dayosisi: Habari za Gari la Dizeli na Tela Lake

Katika kitabu hiki cha Jubilei ya miaka 100 ya Dayosisi yetu ya Masasi, wengine wameandika habari za Maaskofu, na wengine habari za shule na za hospitali. Mimi nimepewa kuandika habari za gari. Mtu mmoja alipopata habari hiyo alicheka, akaniuliza, "Mwalimu, gari nalo lilibatizwa lini?" Sikumlaumu, maana gari ni chuma tu. Lakini mtu akitaka kujua jinsi Kanisa lilivyokaa katika nchi hii ya Kusini, na aulize kwanza: mizigo ilichukuliwa na nani? Divai ya Misa, kengele, mabati, dawa, vitabu, wagonjwa na maiti, vyote vilikuwa mizigo, na kila mzigo ulikuwa na mgongo wake.

Hapo mwaka wa 1876 Askofu Edward Steere alitoka Lindi pamoja na watu waliokombolewa katika utumwa, na nia yao ilikuwa kwenda upande wa Ziwa Nyasa, walikotoka wengi wao. Walipofika Masasi, chini ya yale majabali makubwa, wakaiona nchi kuwa njema, wakakaa. Njia ile, kwa barabara ya leo, ni kilomita zipatazo 140. Wao waliipita kwa miguu, na kila kitu kilichofika Masasi kilifika juu ya kichwa au bega la mtu. Punda na ng'ombe hawakufaa, maana mbung'o waliwamaliza. Mzigo wa mpagazi ulikuwa yapata ratili 60. Asiyejua uzito huo na ajitwike debe moja la maji lililojaa, kisha aongeze nusu ya debe, aende nalo siku nyingi.

Majina ya mapadre wa siku zile twayasoma katika vitabu na juu ya makaburi. Majina ya wapagazi hayakuandikwa, ila machache. Wakati wa Vita Kuu ya kwanza, mwaka 1916, Askofu Frank Weston wa Zanzibar, ambaye Masasi wakati ule ilikuwa chini yake, aliongoza mwenyewe kikosi cha wapagazi wa Zanzibar katika bara. Vita vilipofika kwetu, hata ikapiganwa Mahiwa mwezi wa Oktoba 1917, wapagazi ndio waliokuwa magari ya majeshi yote mawili, nao walikufa wengi kwa njaa na kwa maradhi. Miaka tisa baadaye, mwaka 1926, Masasi ikawa dayosisi ya peke yake, na Askofu wake wa kwanza akawa William Vincent Lucas. Kwa hiyo Dayosisi yetu ilizaliwa katika nchi ambayo wazee wake walikuwa bado na alama za mizigo mabegani.

Sitakawia katika habari za mpango wa karanga wa Nachingwea, ulioanza mwaka 1947 ukaachwa mwaka 1951, kwa kuwa kila mtu wa Kusini ameusikia kwa babu yake. Reli iliyojengwa kwa ajili yake ilifungwa mwaka 1962, ikang'olewa. Karanga hazikubaki, reli haikubaki; kilichobaki ni vijana waliojifunza kuendesha trekta na lori, na kufungua injini na kuifunga tena. Hao ndio mababa wa madereva wetu.

Motakaa zilizotangulia katika mitaa yetu zilikuwa za petroli. Land Rover ilionyeshwa watu mara ya kwanza mwaka 1948, nayo ilikuwa ya petroli. Injini ya dizeli ikatiwa ndani yake mwaka 1957. Tofauti ya injini hizi mbili yafaa ielezwe, maana wengi huendesha wasiijue. Petroli huwashwa kwa cheche ya umeme. Dizeli haina cheche: hewa hushindiliwa ndani ya silinda kwa nguvu nyingi hata iwe moto sana, na mafuta yakinyunyizwa katika hewa hiyo huwaka yenyewe. Ndivyo alivyofikiri Rudolf Diesel, mtaalamu wa Kijerumani, ambaye injini yake ilifanya kazi vema huko Augsburg mwaka 1897. Kwa watu wa mjini jambo hili ni dogo. Kwetu sisi tuvukao mito wakati wa masika ni kubwa, maana maji yakizirukia nyaya za cheche, gari la petroli huzimika katikati ya mto; lakini dizeli ya zamani, isiyo na nyaya hizo, huendelea kunguruma, maadamu maji hayakuingia katika bomba la hewa.

Nayo ina ugonjwa wake. Haivumilii maji wala taka katika mafuta. Tena mafuta yakiisha njiani, kujaza tangi tena hakutoshi. Sharti uitoe hewa iliyoingia katika mabomba, kwa kubonyeza pampu ya mkono mpaka mafuta yatoke pasipo mapovu. Nimewaona vijana wakisukuma gari hata jua likachwa, kwa kutojua neno hilo moja.

Na spea zilikuwa mbali. Kabla ya daraja la Mkapa juu ya Rufiji kufunguliwa mwaka 2003, kitu chochote kilichotoka Dar es Salaam kwa barabara kilingoja kivuko, na mafuriko yalipozidi, Kusini yote ilikuwa kama kisiwa. Gari lililovunjika springi mwezi wa Machi liliweza kukaa chini ya mwembe hata Juni, na kuku wakataga ndani yake.

Gari la mtaa wetu ni Toyota Land Cruiser ya pikapu, ya namna ile watu waiitayo mkonga, kwa ajili ya bomba la kuvutia hewa lililosimama pembeni mwa kioo. Injini yake ni ya silinda 6, lita 4.2, ya aina iliyoanza kutengenezwa mwaka 1990. Haina haraka. Mbele hukaa watu watatu, na nyuma hukaa dunia yote. Desturi yetu ni kwamba Padre akiwapo hukaa mbele, lakini akitokea mgonjwa, Padre hushuka akapanda nyuma. Desturi hiyo haikuandikwa popote, nami nimeiona mara mbili ikivunjwa. Sitasema na nani.

Tela halikununuliwa dukani. Fundi wa kuchomelea alichukua ekseli ya gari lililokufa, akaifunga springi, akajenga juu yake sanduku la chuma na mbao, na mbele akatia mkono mrefu wenye jicho liingialo katika ndoano ya gari, kisha pini ikapita katikati. Halina breki. Neno hili mtu huliona dogo mpaka siku ya kwanza ya kushuka mlima nalo, likimsukuma mgongoni. Kupakia kwake ni elimu: uzito uwe juu ya ekseli, uzidi kidogo upande wa mbele. Ukizidi nyuma, tela huinua mkia wa gari, nalo huanza kuyumba kama nyoka. Dereva akikanyaga breki kwa hofu, tela hutaka kulipita gari. Na kurudi nyuma ni elimu nyingine: ukitaka tela liende kushoto, sharti uanze kwa kuzungusha usukani kulia. Nilijifunza jambo hilo nikiwa mtu mzima, katika uwanja wa shule, watoto wakinicheka.

Nilipotumwa kufundisha nchi ya juu ya Wamakonde, upande wa Newala, niliona tela likiwa kisima. Mchanga wa huko hunywa mvua yote, na chemchemi ziko chini kwenye miteremko, ambako wanawake tangu kale walishuka gizani na kupanda na mitungi jua likiwa kali. Mpango wa maji wa Makonde ulianza katika miaka ya 1950, maji yakapandishwa kwa pampu. Lakini pampu huharibika, na siku hizo watu hutazama barabara. Mapipa matano ya lita 200 ni tani nzima. Maji ni mzigo mbaya kuliko mawe, maana jiwe hukaa, na maji hutembea ndani ya pipa, yakavuta tela huku na huku. Kwa hiyo mapipa yasiyo na kifuniko hutiwa matawi mabichi juu ya maji ili yasimwagike. Kina mama walinifundisha hilo, nao walilijua tangu siku za ndoo na mitungi.

Toka Oktoba hata Desemba tela ni la korosho. Tangu ulipoanza utaratibu wa stakabadhi za ghala katika mkoa wetu mwaka 2007, korosho za mkulima hupita kwa chama cha msingi mpaka ghala kuu, zikangoja mnada huko, na mtu wa kijiji cha mbali hana njia ya kuyafikisha magunia yake ila gari la mwenzake. Basi gari la Kanisa huchukua korosho kwa malipo kidogo, na malipo hayo hununua dizeli ya Kwaresima. Wako wasemao kwamba ni biashara ndani ya Hekalu. Nadhani wasemao hivyo hawajapata kununua dizeli.

Nisiandike mepesi tu. Mwezi wa Machi 2014 tulikuwa tukijenga kanisa la tawi moja lililo mbali na barabara kuu. Wakristo wa tawi lile walikuwa wametoa fedha zao za msimu mzima, zikanunuliwa mifuko 20 ya saruji, nayo ni tani moja. Tuliipakia katika tela, tukaifunika turubai. Tulikuwa watatu: dereva, mtu mzima ambaye baba yake alijifunza kazi hiyo Nachingwea wakati wa karanga, utingo, na mimi. Jua lilipokuwa likitua tulikuwa tumekwisha kuushuka mlima wa udongo mwekundu, na katika kijiji kilicho chini yake watu wakatusimamisha. Palikuwa na mwanamke mwenye uchungu tangu usiku uliotangulia, na mkunga alisema mtoto amekaa vibaya. Hospitali ilikuwa nyuma yetu, kilomita zipatazo 60, ng'ambo ya mlima ule ule, na mvua ilikuwa imeanza.

Baba wa mwanamke akanijia, akasema, "Mwalimu, mwanangu anakufa." Hakusema zaidi. Mzee dereva akautazama mlima, akasema, "Mwalimu, pamoja na tela hatupandi leo."

Tukachomoa pini. Lakini turubai lilikuwa moja tu. Mgonjwa hakuweza kuketi mbele. Ilimpasa alale nyuma, mama yake na shangazi yake wakimshika, na mvua yaja. Nilisimama na kamba ya turubai mkononi kwa muda wa kusema Baba Yetu moja, wala sikuisema. Kisha nikaifungua kamba.

Utingo alibaki. Usiku ule alikata majani ya migomba akaliezeka tela, na watu wa kijiji, ambao wengi wao si Wakristo, walileta mikeka yao ya kulalia wakaitandika juu. Mvua ya masika haijali mikeka. Sisi tuliteleza mlimani mara tatu, tukakata matawi tukayatia chini ya magurudumu, tukafika hospitali saa sita ya usiku. Mwanamke alipona. Mtoto hakupona.

Tuliporudi siku ya tatu, mifuko 14 kati ya ile 20 ilikuwa imekwisha kuwa mawe.

Katika kikao cha wazee wa kanisa nilitakiwa kueleza. Nikaeleza kama nilivyoandika hapa. Mzee mmoja, mtu wa haki, aliyeuza mbuzi wake kwa ajili ya saruji ile, akasimama akasema, "Mwalimu, saruji imekufa, na mtoto amekufa. Umetuletea nini?" Nilikuwa na jibu, maana mama alikuwa hai, lakini hakuwa wa tawi letu wala wa dini yetu, nami niliogopa nisije nikaonekana najisifu kwa mali ya watu wengine. Nikanyamaza. Na hata leo sijui kama kunyamaza kule kulikuwa unyenyekevu au woga tu. Mzee yule hakunisalimu mpaka Pasaka ya mwaka wa pili.

Kanisa likakawia misimu miwili. Siku moja wakati wa ujenzi, mume wa yule mwanamke alikuja na baiskeli, akashusha madebe mawili ya mbaazi, akayaweka penye kivuli cha mafundi, akaenda zake. Mafundi walikula wiki mbili. Tangu mwaka ule gari letu hubeba maturubai mawili, na la pili hukunjwa nyuma ya kiti, wala haliruhusiwi kufunika korosho.

Ile mifuko 14 haikutupwa. Karatasi zilioza, yakabaki mawe yenye umbo la mto wa kulalia, na mikunjo ya karatasi yaonekana bado juu yake. Mafundi waliyapanga yakawa ngazi za mlango wa magharibi. Wakati wa masika watu hukwangua matope ya viatu vyao hapo, kabla ya kuingia.