Historia ya maisha

Historia ya maisha ni istilahi ya sayansi ya jamii inayobeba mambo mawili: masimulizi marefu ya mtu mmoja kuhusu alivyoishi, na njia ya utafiti inayoyatumia masimulizi hayo kueleza imekuwaje mtu huyo akawa alivyo. Kiingereza huiita life history. Haipaswi kuchanganywa na orodha ya matukio. Orodha ya matukio Watanzania wanaijua vizuri kutoka misibani, pale msemaji wa familia anaposimama na kusoma historia fupi ya marehemu: kuzaliwa, shule, kazi, ndoa, kuugua, watoto na wajukuu aliowaacha. Risala hiyo ina kazi yake, nayo ni kumuaga mtu kwa heshima. Haielezi kwa nini aliyeanza kama kuli bandarini aliishia kuwa imamu, wala kwa nini mwenzake aliyeanza naye siku moja hakufika huko. Historia ya maisha huanzia kwenye swali hilo.

Njia hii ilipata hadhi ya kitaaluma Marekani. Kati ya mwaka 1918 na 1920, William Thomas na Florian Znaniecki walichapisha kitabu kikubwa kuhusu wakulima wa Poland waliohamia nchi hiyo, na sehemu yake moja ndefu ni maisha ya mhamiaji mmoja aliyoyaandika kwa mkono wake. Mwaka 1959 C. Wright Mills aliitetea fikra hiyo kwa hoja kwamba maisha ya mtu na historia ya jamii yake haviwezi kueleweka kimoja bila kingine. Tanzania iliipokea kupitia mlango wa wanahistoria zaidi kuliko wa wanasosholojia. Mwaka 1973 ulitoka mkusanyiko wa Modern Tanzanians uliohaririwa na John Iliffe, ambamo Daisy Sykes Buruku aliandika habari za babu yake, Kleist Sykes, mtu wa Dar es Salaam.

Kiswahili hakikuwa na upungufu wa maneno ya kuyaelezea maisha ya watu. Sira ni neno la zamani, na hadi leo masikio mengi hulihusisha kwanza na maisha ya Mtume. Tippu Tip alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, na Heinrich Brode akayachapisha mwanzoni mwa karne ya 20. Shaaban Robert aliandika maisha ya mwimbaji Siti binti Saad na kukiita kitabu wasifu. Habari zake mwenyewe akaziita tu maisha yangu. Baadaye wanafasihi waligawa kazi: wasifu ukawa maisha ya mtu yaliyoandikwa na mwingine, tawasifu yale aliyoyaandika mwenyewe. Mgawanyo huo unafaa darasa la fasihi. Kwa mtafiti haufai sana, kwa sababu mbili. Masimulizi anayoyakusanya husemwa na mmoja na kuandikwa na mwingine, hivyo hayakai sawasawa upande wowote. Pia neno wasifu liko jirani mno na kitenzi kusifu, na msomaji wa Kiswahili huingia humo akitarajia sifa. Siku hizi limezidi kusogea, maana anayeomba kazi naye huambiwa aambatishe wasifu. Ndiyo maana tafsiri iliyo wazi, historia ya maisha, imeshinda.

Maisha ya Kleist Sykes yanaonyesha istilahi hiyo inavyofanya kazi. Alizaliwa Pangani mwaka 1894. Baba yake, Sykes Mbuwane, alikuwa Mzulu kutoka Msumbiji, mmoja wa askari walioletwa na Hermann von Wissmann kuwapigania Wajerumani, na alikufa maji akirudi kutoka vita dhidi ya Wahehe wa Mkwawa. Mtoto akalelewa na Effendi Plantan, askari wa asili hiyohiyo. Alisoma shule ya Wajerumani, akajua lugha yao na kazi za ofisini, na katika Vita vya Kwanza vya Dunia alipigana upande wa Lettow-Vorbeck, jemadari wa Wajerumani. Wajerumani waliposhindwa, akapata kazi reli chini ya Waingereza. Mwaka 1929 alikuwa miongoni mwa waasisi wa African Association na katibu wake wa kwanza; mwaka 1933 alikuwa miongoni mwa waasisi wa Al-Jamiatul Islamiyya fi Tanganyika. Alifariki mwaka 1949.

Yakiachwa hapo, hayo ni historia fupi ya marehemu. Mtafiti wa historia ya maisha huuliza tukio gani lilizaa lipi. Wakazi wengi wa Kariakoo, Dar es Salaam, enzi za Waingereza walikuwa na kwao: kijiji, mashamba ya ukoo, jumbe wa kumtaja, na hapa mjini chama cha watu wa kabila lao cha kuzikana na kusaidiana. Mtoto wa askari Mzulu aliyefia majini hakuwa na kwao Tanganyika. Alichokuwa nacho ni mji wenyewe, elimu ya kalamu na dini. Vyama viwili alivyoshiriki kuvianzisha havikumuuliza mtu kabila. Kimoja kiliuliza Uafrika, kingine Uislamu. Ni tafsiri, na inaweza kupingwa, lakini inaunganisha yatima wa Pangani na katibu wa Dar es Salaam kwa namna ambayo orodha ya tarehe haiwezi. African Association ndiyo iliyozaa Tanganyika African Association (TAA), na tarehe 7 Julai 1954 TAA ikawa TANU, chama kilichoongoza harakati za uhuru, kwenye jengo la chama katika barabara ambayo leo inaitwa Lumumba. Watoto wawili wa Kleist, Abdulwahid na Ally, walikuwa miongoni mwa waasisi.

Mfano ulio tajiri zaidi ni wa Bibi Titi Mohamed. Katika miaka ya 1980 mwanahistoria Mmarekani Susan Geiger alikusanya historia za maisha za wanawake waliokuwa wanaharakati wa TANU, Dar es Salaam na mikoani, na kitabu chake, TANU Women, kilitoka mwaka 1997. Hadi wakati huo simulizi iliyozoeleka ya uhuru iliwaweka wanawake pembeni: viongozi waliita, nao wakaitika. Masimulizi yao yalisema jambo jingine. Wengi wa wanaharakati wa Dar es Salaam walikuwa Waislamu wa umri wa makamo, wenye elimu ndogo ya darasani, walioishi kwa biashara ndogondogo. Kilichowapa uwezo wa kisiasa walikuwa nacho kabla ya TANU: vikundi vya ngoma.

Bibi Titi alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Shule aliipata kwa miaka michache tu, akaolewa akiwa binti mdogo, na ndoa hiyo haikudumu. Mji ulimjua kwanza kama mwimbaji. Alikuwa kiongozi wa waimbaji katika kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Hapa inafaa kukaa kidogo, kwa sababu watu wanaosoma siasa mara nyingi hudhani ngoma ni burudani tu. Kikundi cha ngoma cha wanawake kilikuwa na uongozi, michango, sare, mashindano na wapinzani wake. Kilikusanya wanawake wa makabila mbalimbali katika lugha moja, Kiswahili, na kiliweza kuita watu mtaa mzima bila tangazo lililoandikwa. Aliyekiongoza alijifunza kusimama mbele za watu, kupokea fedha na kuzitolea hesabu, kupatanisha waliogombana, na kujua kiongozi wa kikundi cha pili anaishi wapi.

Mwaka 1955 John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza alipozuru Tanganyika aliuliza wanawake wa TANU wako wapi. Bibi Titi ndiye aliyetafutwa, na tawi la wanawake likaanzishwa chini yake. Hakuanza na watu asiowajua. Alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma, nao wakawaleta watu wao, na katika miezi michache maelfu ya wanawake walikuwa na kadi. Mwimbaji aliyezoea kuongoza kiitikio hakuhitaji kufundishwa jinsi ya kuuongoza mkutano wa hadhara.

Lakini Bomba ilikuwa na waimbaji wengine, na mji ulikuwa na vikundi vingine vingi. Kama yaliyopita yangemfinyanga mtu peke yake, Kariakoo ingetoa Bibi Titi ishirini. Historia ya maisha haidai hivyo. Inadai kwamba yaliyopita humwachia mtu akiba ya ujuzi, jamaa, lugha na majeraha, na kwamba wakati fulani, ambao mtu hakuuchagua, huja kuitisha sehemu ya akiba hiyo na kuiacha nyingine. Swali la Hatch liliitisha ngoma. Lingekuja miaka kumi mapema, kabla ya TANU, lisingekuwa na wa kulijibu.

Mwaka 1967 wakati uliitisha kitu kingine. Azimio la Arusha liliweka masharti ya uongozi, na mojawapo lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Bibi Titi alikuwa na nyumba za kupangisha, akalikataa sharti hilo, akajiondoa katika Kamati Kuu ya TANU. Msomaji wa siasa ataliona hilo kama suala la itikadi, ubepari dhidi ya ujamaa. Historia ya maisha humwongezea msomaji huyo jambo la kuzingatia. Kwa mwanamke wa Uswahilini aliyeolewa akiwa mtoto na kuachika, asiye na vyeti vya kumpatia mshahara, vyumba vya kupangisha vilikuwa ndiyo pensheni yake, na ndivyo vilivyomwezesha kusema hapana kwa mume. Mtu anaweza kuelewa hilo na bado akaona Azimio lilikuwa sahihi. Kueleza si kutetea. Mwaka 1969 alikamatwa kwa tuhuma za uhaini, alizozikana, mwaka 1971 akahukumiwa kifungo cha maisha, na mwaka 1972 akaachiwa kwa msamaha wa Rais. Alifariki mwaka 2000. Barabara yenye jina lake inapita kando ya viwanja vya Mnazi Mmoja.

Udhaifu wa njia hii uko palepale penye nguvu zake. Msimulizi husimulia kutoka alipo leo. Bibi Titi alizungumza na Geiger akiwa ameshapitia ukumbi wa hotuba, wizara, kizimba na jela, na hakuna anayepita huko akaukumbuka mwaka 1955 kama alivyouona wakati ule. Wasimulizi hurefusha yanayowapa maana na kufupisha yanayowauma. Kwa hiyo masimulizi hupimwa: kwa magazeti ya wakati huo, kwa majalada ya serikali ya kikoloni, kwa maneno ya watu wengine waliokuwepo. Panapotofautiana, tofauti yenyewe ni taarifa. Kariakoo ina mfano wa wazi, kwani mwaka 1998 Mohamed Said alichapisha maisha ya Abdulwahid Sykes kwa lengo la kuonyesha kwamba historia rasmi ya chama iliwaacha nje Waislamu wa mjini waliokijenga. Ubishi uliofuata haujaisha, na ni ubishi wenye faida.

Kuna jambo moja ambalo watafiti wa maisha ya watu mjini hulikosa kwa kuuliza vibaya. Mfanyabiashara wa Kariakoo akiulizwa alianzaje, hujibu kwa mtaji: alikuja na shilingi kadhaa, akauza mitumba, akapanda hadi fremu. Ni jibu la kweli lakini limeshazoea kusemwa. Akiulizwa nani alimpokea mjini, masimulizi hubadilika mara moja. Hujitokeza shangazi wa Ilala, mtu wa kijijini kwao mwenye meza Mtaa wa Kongo, tajiri aliyemlaza stoo, na pamoja nao madeni ya shukrani ambayo hayamo katika hesabu ya mtaji. Mpokeaji ndiye anayeamua mgeni atasali wapi, atashabikia timu gani, atafanya biashara gani. Effendi Plantan alikuwa mpokeaji wa Kleist. Na mwaka 1955, Nyerere alipoacha ualimu Pugu, aliyempokea nyumbani kwake Kariakoo ni Abdulwahid Sykes, ambaye wakati huo alikuwa mkuu wa soko.

Inabaki hoja ya matumizi. Katika maandishi ya Kiswahili, simulizi ya maisha na historia ya maisha hutumika kama visawe, na hilo linapoteza tofauti yenye thamani. Ni afadhali simulizi ya maisha ibaki kuwa yale aliyoyasema mtu, kwa mpangilio wake na kwa maneno yake, na historia ya maisha iwe jina la kazi iliyofanywa baada ya masimulizi hayo kupimwa na kuunganishwa na mambo ya wakati wake. Mwanafunzi aliyerekodi mahojiano matatu na kuyanukuu bila kuyapima ana simulizi tatu. Historia ya maisha hajaiandika bado.