Zoom 5.0

Zoom 5.0 ni toleo la programu ya mikutano ya video iitwayo Zoom. Lilitangazwa tarehe 22 Aprili 2020 na kampuni ya Zoom Video Communications yenye makao yake San Jose, California, nchini Marekani. Toleo hilo lilileta usimbaji fiche ulio imara zaidi na kumpa mwenyeji wa mkutano uwezo zaidi wa kuamua nani aingie na aruhusiwe kufanya nini. Lilitolewa wakati kampuni ilipokuwa ikilaumiwa kwa udhaifu wa usalama wa programu yake.

Usuli

Kampuni ya Zoom ilianzishwa mwaka 2011 na Eric Yuan, mhandisi aliyewahi kufanya kazi katika kampuni ya Cisco. Mwanzoni programu ilikusudiwa hasa kwa ofisi na makampuni. Mwaka 2020 janga la UVIKO-19 lilifunga shule, ofisi na nyumba za ibada katika nchi nyingi, na shughuli nyingi zikahamia kwenye video. Kwa mujibu wa kampuni, washiriki wa mikutano kwa siku waliongezeka kutoka takriban milioni 10 mwezi Desemba 2019 hadi zaidi ya milioni 200 mwezi Machi 2020.

Ongezeko hilo lilifichua kasoro. Watu wasioalikwa waliingia katika madarasa na mikutano, wakaonyesha picha chafu au kutoa matusi ya kibaguzi. Uvamizi wa namna hiyo uliitwa "Zoombombing". Uliwezekana kwa sababu mikutano mingi haikuwa na nywila, na viungo vyake vilisambazwa hadharani. Tarehe 30 Machi 2020 ofisi ya FBI ya Boston ilitoa onyo, ikitaja matukio katika shule mbili za jimbo la Massachusetts. Tarehe 1 Aprili Yuan aliomba radhi na kutangaza kwamba kwa siku 90 wahandisi wake wangeacha kutengeneza mambo mengine na kushughulikia usalama na faragha tu.

Vipengele vipya

Vipengele vikuu vya toleo hili ni:

- Alama ya usalama: mipangilio ya ulinzi iliyokuwa imetawanyika sehemu mbalimbali ilikusanywa mahali pamoja kwenye skrini ya mwenyeji. Kutoka hapo anaweza kufunga mkutano usipokee watu wengine, kumtoa mshiriki au kuzuia washiriki wasionyeshe skrini zao.
- Chumba cha kusubiri: anayetaka kuingia husubiri hadi mwenyeji amruhusu. Kipengele hiki kilikuwapo awali, lakini sasa hujiwasha chenyewe kwa akaunti za bure na za elimu. Mwenyeji anaweza pia kukiwasha mkutano ukiwa umeshaanza.
- Nywila: mikutano ya wateja wengi huwekewa nywila bila mwenyeji kuiomba.
- Kuripoti mtumiaji: mwenyeji anaweza kumshtaki mvurugaji kwa kampuni.
- Majina: mwenyeji anaweza kuwazuia washiriki kubadilisha majina yao.
- Njia ya data: msimamizi wa akaunti anaweza kuchagua data za mikutano zipitie vituo vya maeneo gani ya dunia.

Usimbaji fiche

Usimbaji fiche ni kugeuza sauti na picha kuwa alama zisizosomeka bila ufunguo. Tarehe 3 Aprili 2020 watafiti wa Citizen Lab, kituo cha Chuo Kikuu cha Toronto, walieleza kwamba Zoom ilitumia ufunguo wa AES wa biti 128 katika mtindo wa ECB. Katika mtindo huo vipande vya data vinavyofanana hutoa alama zinazofanana, hivyo umbo la ujumbe wa asili linaweza kubaki likionekana.

Zoom 5.0 ilileta AES ya biti 256 katika mtindo wa GCM. Mtindo huo huficha ruwaza hizo na pia hugundua data zikichezewa njiani. Mfumo mpya ulianza kutumika kwa mikutano yote tarehe 30 Mei 2020, na waliokuwa na matoleo ya zamani walilazimika kusasisha programu ili wajiunge.

Mipaka

Toleo hili halikuleta usimbaji fiche wa mwisho hadi mwisho, yaani ule ambao ufunguo hubaki kwa washiriki pekee. Funguo ziliendelea kutengenezwa na seva za Zoom, kwa hiyo kampuni ilikuwa na uwezo wa kufungua mawasiliano. Hapo awali kampuni ilikuwa imewatangazia watumiaji kwamba tayari inatoa ulinzi wa mwisho hadi mwisho. Mnamo Novemba 2020 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani (FTC) ilidai kwamba matangazo hayo yaliwapotosha watumiaji tangu mwaka 2016 au kabla, na kampuni ikakubali kuanzisha mpango kamili wa usalama.

Mwezi Mei 2020 Zoom ilitangaza kuinunua kampuni ya Keybase, yenye ujuzi wa usimbaji fiche. Usimbaji wa mwisho hadi mwisho ulianza kutolewa Oktoba 2020, kwa akaunti za kulipia na za bure. Hata hivyo, mwenyeji hulazimika kuuwasha mwenyewe, na katika mikutano ya aina hiyo haiwezekani kujiunga kwa simu ya kawaida wala kuhifadhi mkutano kwenye seva za kampuni.