Sanamu Zilizopewa Utu: Vinyago vya Bwami katika Historia ya Maniema

Historia ya Kindu, makao makuu ya jimbo la Maniema, huandikwa mara nyingi kwa kuanzia misafara ya karne ya 19, wakati Tippu Tip na wafanyabiashara wenzake walipokusanya pembe za ndovu katika bonde la mto Lualaba na kuzipeleka pwani. Kwa wafanyabiashara hao pembe ilikuwa bidhaa iliyopimwa kwa uzito; lakini kwa Warega, wanaoishi mashariki mwa Kindu, katika Pangi na kuvuka mpaka wa jimbo hadi Shabunda na Mwenga, pembe hiyohiyo iliweza kuchongwa ikawa sanamu yenye jina, tabia na mahali pake miongoni mwa watu.

Sanamu hizo zilikuwa mali ya Bwami, yaani chama cha mafunzo ya maadili kilichowaunganisha Warega, ambao hawakuwa na mfalme mmoja wa kuwatawala wote. Mwanachama alipanda ngazi baada ya ngazi, akianzia kongabulumbu na kuelekea yananio na kindi, ambayo ni ya juu kabisa. Wala mwanamume hakuweza kuifikia kindi peke yake, kwa kuwa mkewe naye alipaswa kupokelewa katika bunyamwa, daraja kuu la wanawake. Kila ngazi ilihitaji mali, msaada wa jamaa na mwenendo mwema, kwa maana Warega waliamini kwamba mtu hukamilika kwa kufundishwa, si kwa kuzaliwa tu.

Imani hiyo ndiyo inayoeleza jinsi sanamu ndogo za watu, ziitwazo maginga, zilivyotendewa. Sanamu ilipotoka mikononi mwa mchongaji ilikuwa bado kitu tu. Utu wake uliongezeka kadiri ilivyoimbiwa, ikachezewa ngoma, ikafafanuliwa kwa methali, na ikapakwa mafuta ya mbarika kama wanachama walivyojipaka miili yao. Sakimatwematwe, mwenye vichwa vingi, alifundisha busara ya kutazama kila upande. Wayinda, mwanamke mjamzito aliyezini, alionya juu ya maangamizi yanayoletwa na uzinzi. Mwenye sanamu alipofariki, iliwekwa juu ya kaburi lake, kisha ikatunzwa mpaka mrithi aliyestahili apatikane, hivyo ikaendelea kuishi kupita umri wa mtu mmoja.

Vinyago navyo vilifuata kanuni hiyo. Lukwakongo, kinyago kidogo cha mbao chenye ndevu za nyuzi na uso uliopakwa udongo mweupe, kilikuwa alama ya mtu wa yananio, na hakikuvaliwa usoni tu: kilishikwa mkononi, kilifungwa kwenye mkono, kilitundikwa uani au kilikokotwa ardhini, na kila tendo, pamoja na methali yake, lilikifanya kuwa mhusika mwingine. Mtu wa nje aliyekiona aliona uso mmoja mtulivu. Wahusika wote waliokuwamo ndani yake walijulikana kwa waliofundishwa tu.

Mwaka 1948 utawala wa Kibelgiji, ambao uliitilia shaka nguvu ya Bwami, ulikipiga marufuku chama hicho. Katika miaka ya 1950 mwanaanthropolojia Daniel Biebuyck alifanya utafiti miongoni mwa Warega, akachapisha kitabu chake Lega Culture mwaka 1973. Hata hivyo, vinyago na maginga mengi vilikuwa vimeshatawanyika katika makumbusho, likiwemo la Tervuren, Ubelgiji, na katika mikusanyo ya watu binafsi huko Ulaya na Marekani, ambako husifiwa kwa uzuri wa umbo huku methali zake zikikosa wa kuzisema.

Leo, watu wanapojiuliza kama kiumbe kilichoundwa kwa mikono ya binadamu kinaweza kuwa na utu, Bwami inatoa jibu lililofikiriwa kwa vizazi vingi: utu hutoka kwa jamii inayofundisha, na kitu kilichotengwa na jamii hiyo hubaki umbo tupu. Kwa hiyo kudai sanamu zirudishwe hakutoshi. Chuo Kikuu cha Kindu na wasomi wa Maniema wanapaswa kurekodi methali, nyimbo na ngoma za Bwami kutoka kwa wazee wanaozijua, kwa idhini yao, wakati wazee hao wangali hai.