Mteule Uwe Macho: Albamu iliyomtoa Rose Muhando, binti wa Dumila

Mteule Uwe Macho ni albamu ya injili ya Rose Muhando iliyotoka mwaka 2004. Ndiyo iliyomtoa mwalimu wa kwaya na kumfanya jina kubwa Afrika Mashariki. Mwaka 2005, kwenye Tuzo za Muziki wa Injili Tanzania, Rose alibeba tatu: mtunzi bora, mwimbaji bora na albamu bora.

Ametokea wapi?

Rose alizaliwa mwaka 1976 Dumila, wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro. Ukipanda basi la Dodoma lazima uipite: ndiyo njia panda ya kuingilia Kilosa.

Alikulia katika familia ya Kiislamu. Kwa simulizi yake mwenyewe, akiwa na miaka tisa aliugua, akalala kitandani muda mrefu, kisha akamwona Yesu katika maono na akapona. Baadaye akawa Mkristo. Safari ya muziki ilianzia Dodoma, alikofundisha Kwaya ya Mtakatifu Maria ya Kanisa la Anglikana Chimuli.

Morogoro kabla yake

Mkoa huu ulikuwa na jina kwenye muziki zamani. Chini ya Milima ya Uluguru, mjini Morogoro, walitamba Salum Abdallah na Cuban Marimba, halafu Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz. Lakini hao walikuwa wanaume, na muziki wao ni dansi la ukumbini. Mbaraka alifariki kwa ajali ya gari Mombasa mwaka 1979, Rose akiwa bado mtoto mdogo. Ilipita miaka 25 hadi binti wa mkoa huohuo alipovuma, tena kwa nyimbo za kanisani.

Kwa nini ilishika?

Miaka hiyo injili ya Tanzania ilikuwa zaidi mali ya kwaya: watu wengi wamejipanga, sare moja, sauti zimegawanywa. Waimbaji wa kujitegemea walikuwepo, kina Jennifer Mgendi, ila Rose alikuja na moto wake. Sauti nzito yenye mikwaruzo, mdundo wa kasi, na kucheza kwa nguvu bila aibu.

Maneno nayo yalikuwa mepesi kushika. Jina la albamu lenyewe ni onyo: wewe uliyechaguliwa, usilale. Ni Kiswahili cha mama anayemsema mwanawe, si cha mhubiri wa kwenye vitabu. Ndiyo maana hata asiyekwenda kanisani alizijua nyimbo za Rose, kwa kuzisikia kwenye daladala, saluni na dukani.

Wapenzi wa kantri ya Marekani wanaye Dolly Parton na albamu yake Coat of Many Colors ya mwaka 1971. Dolly naye alitoka familia maskini ya vijijini, kwenye milima ya Tennessee, na kuimba alianzia kanisani. Ukitafuta mfano wake mkoani Morogoro, Rose ndiye wa karibu.

Sifa na pesa

Albamu ilitoka zama za kanda, CD na VCD. Kudurufu kulikuwa rahisi, na kila nakala feki iliyouzwa ilikuwa pesa isiyomfikia msanii. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilikuwepo tangu 1999, lakini mtaani nakala feki ziliendelea kuuzwa waziwazi. Kusikika kila kona hakukuwa na maana ya kulipwa kila kona.

Ndiyo maana habari ya Februari 2011 ilikuwa kubwa: Rose alisaini mkataba na Sony Music, kampuni ya kimataifa, wa kurekodi zaidi ya albamu moja. Wakati huo ilikuwa nadra sana kwa msanii wa Afrika Mashariki, achilia mbali mwimbaji wa injili aliyezaliwa Dumila.

Kati ya albamu hiyo na mkataba huo zilitoka Kitimutimu (2005) na Jipange Sawasawa (2008). Anayetaka kumjua Rose tangu mwanzo, aanze na Mteule Uwe Macho.