Neema, Fidia na Deni: Msamiati wa Wokovu Magharibi mwa Ziwa Tanganyika

Lulimba ni mji mdogo wa Fizi, katika Kivu ya Kusini, katika njia iendayo Misisi kwenye machimbo ya dhahabu. Humo Kiswahili huishi pamoja na Kibembe, nacho ndicho lugha ya soko na ya ibada nyingi. Mkristo wa huko anapoeleza jinsi anavyopigana na dhambi moyoni mwake, na jinsi asivyoweza kushinda pasipo neema, maneno makuu ayatumiayo yalikwisha kufika katika nchi hiyo kabla ya mmisionari wa kwanza. Yaliletwa na misafara. Makala haya yanayafuatilia machache kati ya maneno hayo, kwa kuwa historia yake inahusu swali ambalo mahubiri hayakulimaliza: je, aliyepewa neema anabaki na deni?

Katika nusu ya pili ya karne ya 19 wafanyabiashara wa pwani, wakitokea Unguja na Tabora, walivuka ziwa kutoka Ujiji kutafuta pembe na watumwa. Muhammad bin Khalfan, aliyejulikana zaidi kwa jina la Rumaliza, alitawala biashara ya sehemu kubwa ya ziwa hilo hadi aliposhindwa na majeshi ya Dola Huru ya Kongo mwaka 1894. Kiswahili cha misafara hiyo, ambacho baadaye kiliitwa Kingwana, kilibeba msamiati wa Uislamu: dhambi, toba, neema, rehema, nafsi, shetani. Jina la mji wa Baraka nalo ni la jamii hiyo hiyo ya maneno.

Wala hayakuwa maneno matupu ya sheria. Fasihi ya pwani ilikuwa imezoea kumwonyesha mtu akigombana na nafsi yake. Katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir anaukemea moyo wake mwenyewe huku akiyatazama magofu ya Pate. Kwa hiyo wafasiri wa Waraka kwa Warumi walipofika sura ya 7, ambamo Paulo anatenda lile asilolitaka, hawakulazimika kuunda lugha mpya ya vita vya ndani. Waliikuta tayari. Tofauti ilikuwa katika njia ya ushindi, na hapo ndipo neno neema lilipopewa mzigo mkubwa.

Neema katika matumizi ya kawaida ni wingi na ustawi: mvua ni neema, mavuno mema ni neema, na aliyefanikiwa ameneemeka. Wafasiri wangaliweza kuchagua fadhila, lakini neno hilo lina tabia yake. Fadhila hulipwa. Mswahili husema “kulipa fadhila”, na asiyelipa huitwa mtovu wa fadhila. Hakuna asemaye “kulipa neema”. Mvua hailipwi, hupokewa tu. Wafasiri wawe walilipima jambo hili au hawakulipima, neno lililoshika nafasi katika tafsiri za Unguja na Mombasa, na katika Biblia ya Muungano ya mwaka 1952, ndilo lililofaa zaidi kutaja zawadi isiyostahiliwa. Ila lilikuja na hasara yake, kwamba msikilizaji huweza kusikia mafanikio pale mhubiri alipokusudia msamaha. Mahubiri ya utajiri yaliyoenea Afrika ya Mashariki na Kongo tangu miaka ya 1980 yalipata mlango hapo.

Neno kukomboa ni habari nyingine, maana kukomboa kuna bei. Mapadri Weupe walifika Ujiji mwaka 1879, wakavuka hadi Masanze mwaka 1880, na mwaka 1883 wakajenga kituo cha Kibanga, upande wa magharibi wa ziwa, karibu na rasi ya Ubwari. Huko walinunua watoto kutoka kwa wafanyabiashara wa watumwa, wakawalea, wakawafundisha dini, wakawaoza na kuwapa mashamba katika vijiji vya misheni. Basi neno mkombozi halikuwa fumbo kwa watoto wale. Walijua kwamba mtu fulani alitoa nguo au shanga ili wao watoke mkononi mwa mwingine. Ajabu ya mfumo huo ni kwamba aliyekombolewa hakuwa huru kwenda apendako. Alikaa chini ya amri ya padri, akalima, akatii. Walikuwamo waliotoka katika hali hiyo wakiwa watu wa heshima kubwa: Adrien Atiman, aliyekombolewa utotoni na kusomeshwa uganga huko Malta, alitibu watu Karema, ng'ambo ya pili ya ziwa, kwa miaka zaidi ya 60 hadi alipofariki mwaka 1956. Hata hivyo ni vigumu kukana kwamba kando ya ziwa hilo ukombozi ulianza kwa sura ya deni la utii.

Uamsho wa Afrika ya Mashariki ndio uliolivuruga wazo hilo. Mwezi Septemba 1929 daktari Joe Church, wa misheni ya Gahini nchini Rwanda, alikutana na Simeoni Nsibambi huko Namirembe, Kampala. Miaka michache baadaye, Gahini na kwingineko, wahudumu wa hospitali, walimu na wamisionari walianza kusimama mbele ya wenzao na kutaja dhambi zao kwa majina. Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, alifariki Januari 1936 akiwa bado kijana, na kifo chake kilizidisha moto huo. Waganda waliwaita Balokole, yaani waliookoka, na Kiswahili kikaazima neno hilo kwa sura ya mlokole, mara nyingi kwa dhihaka.

Katoliki aliungama kwa padri, faraghani. Mlokole alishuhudia. Neno shahidi ni la mahakamani, na kwa kawaida mtu hushuhudia juu ya mwingine. Katika Uamsho alishuhudia dhidi ya nafsi yake, tena hadharani, tena si mara moja. Vita vya ndani vilikuwa habari za kila juma. Na kilichowashangaza waajiri ni kwamba ushuhuda ulifuatwa na kurudisha: mashuka ya hospitali, fedha, vifaa vilivyoibwa miaka iliyopita. Wahubiri walikazia kwamba kurudisha si malipo ya neema, bali ni dalili kwamba imepokewa. Si wote waliotulia na jibu hilo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kundi la Bazukufu nchini Uganda, likiongozwa na Yona Mondo, liliwaona ndugu zao kuwa wamesinzia, likakataza hata kukopa.

Huko Kivu ya Kusini, Wapentekoste kutoka Swideni na Norwei walikuwa wameanza kazi tangu miaka ya 1920, na Wamethodisti Huru wakaja kuwa na hospitali Nundu, katika Fizi. Makanisa haya nayo yalilea ushuhuda wa hadharani. Lakini historia ya Fizi baada ya uhuru iliweka mezani dhambi za namna nyingine. Mwaka 1965 Lulimba ilikuwa kituo cha jeshi la serikali mbele ya waasi, miongoni mwao Che Guevara na Wakuba wake. Vita vya mwaka 1996 viliwavusha watu wengi wa Fizi hadi Kigoma, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa mwaka huo huo. Mwishoni mwa mwaka 1998 na mwanzoni mwa 1999 raia wengi waliuawa Makobola, kaskazini mwa Baraka.

Ushuhuda wa Uamsho ulijua la kufanya na shuka lililoibwa. Juu ya maiti ulikuwa na maneno machache, na Rwanda, ulikoanzia Gahini, ilidhihirisha upungufu huo mwaka 1994, ingawa walikuwamo walokole waliokufa kwa kukataa kuwatenga jirani zao. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010 juu ya uhalifu uliotendwa Kongo kati ya 1993 na 2003 iliyataja mauaji ya Makobola, na ikazungumzia mahakama, ukweli na fidia. Sheria ya Desemba 2022 iliunda mfuko wa taifa wa fidia kwa waathirika. Neno ni lile lile la Biblia ya Kiswahili, lililotoka katika fidya ya Kiarabu. Mhubiri wa Fizi akilitaja, anasema juu ya bei iliyokwisha kulipwa. Mjane aliyeketi mbele yake, katika ibada hiyo hiyo, analijua pia kama kitu ambacho bado anakidai.