Fani na Maudhui ya Tovuti

Programu za kuendesha tovuti kama WordPress na Drupal huitwa kwa Kiswahili ama mfumo wa kudhibiti maudhui ama mfumo wa usimamizi wa maudhui, na waandishi wengi huziona istilahi hizo kuwa sawa. Nachagua ya pili. Tangu Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018, zilizosimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), Mtanzania akisikia maudhui yanadhibitiwa huwaza leseni, faini na kufungiwa. Afisa habari wa Halmashauri ya Wilaya ya Butiama anayepandisha tangazo la viwanja hana mamlaka hayo. Anaandika, anapanga, anachapisha, anaondoa kilichopitwa na wakati. Huo ni usimamizi.

Uzito wa istilahi, hata hivyo, uko kwenye neno maudhui, ambalo kila aliyesoma fasihi sekondari amelizoea likiandamana na fani. Programu hizi zimejengwa juu ya jozi hiyohiyo. Maandishi hukaa kwenye hifadhidata. Rangi, safu na mwonekano wa menyu hukaa kwenye kiolezo. Viwili hivyo huunganishwa ukurasa unapofunguliwa. Ukibadili kiolezo, habari zote huvaa sura mpya bila hata moja kuandikwa upya. Mwaka 2017 mikoa na halmashauri za Tanzania Bara zilipata tovuti zilizojengwa kwa mfumo wa pamoja wa Wakala ya Serikali Mtandao, ambayo sasa ni Mamlaka. Fungua ya Manispaa ya Musoma, kisha ya Bunda, kisha ya Butiama: Utawala, Madiwani, Fursa za Uwekezaji, Kituo cha Habari. Fani ni moja, maudhui mbalimbali.

Mwalimu wa fasihi atapinga akisema kwamba fani na maudhui havitenganishiki, na hoja yake ina nguvu. Kiolezo huamua nini kionekane kwanza. Butiama ndiko alikozaliwa na kuzikwa Mwalimu Nyerere; Bunda inagusa Ziwa Victoria na kupakana na Serengeti; menyu ya pamoja haiwezi kuzitendea haki zote mbili. Kwa hiyo kiolezo lazima kirekebishwe. Nasema kirekebishwe, maana wapo wanaoandika kubinafsisha tovuti, na Musoma, penye kiwanda cha nguo cha Mutex kilichobinafsishwa, neno hilo lina historia nyingine kabisa. Lakini kiolezo hurekebishika bila kugusa habari kwa sababu viwili hivyo vimehifadhiwa mbalimbali, na hapo istilahi inasimama.

Mafundi nao watauliza kwa nini tusiseme siemesi tu (yaani CMS, kifupisho cha istilahi hii kwa Kiingereza), kama wasemavyo wao kwa wao. Karakanani inatosha. Ila diwani anayepitisha bajeti ya tovuti hayuko karakanani. Akikuta siemesi kwenye jedwali la gharama, hawezi kujua kama afisa habari ataweza kubadili bei ya kiwanja mwenyewe, au kama halmashauri itamlipa fundi kila bei inapobadilika.