Kibelekwa, si Kifuatiliaji

Rasimu ya istilahi za elimu ya wadudu iliyonifikia hapa Mji wa Kale wa Mombasa imekiita "kifuatiliaji" kile kipande cha waya abandikwacho nzi wa matunda mgongoni ili rada ione safari zake. Sentensi ya mfano yasema kifuatiliaji humpunguzia nzi wepesi wa kuruka. Nilipolisomea baraza letu, mzee mmoja aliuliza kama ni habari za mjusi kafiri.

Hakukosea. Kiishio -ji ni cha mtendaji: mwimbaji, msomaji, mfuatiliaji. Anayefuatilia hapa ni rada na mtu aliyeishika. Waya wenyewe hauna betri wala hesabu: ni uzi mwembamba wa madini wenye diodi ndogo, ambao wimbi la rada likiugonga huurudisha mwangwi wenye masafa maradufu. "Kitambulisho", pendekezo la pili la rasimu, ni baya zaidi, maana vipande hivi hujibu kwa namna moja na rada haiwezi kumbagua nzi huyu na yule. Yuko na bwana mmoja wa ng'ambo ya daraja la Nyali apigiaye debe "kimwangwi". Neno tamu, sikatai, ila limetungwa kwenye sikio la rada. Nzi kasahauliwa.

Mimi nasema kibelekwa. Kubeleka, ambako wengine hutamka kueleka, ni kumchukua mtoto mgongoni. Humo mmetoka mbeleko, nguo ya kumfungia, na ubeleko, ile hidaya ya harusi apewayo mama wa bibi arusi, ikiandamana na mkaja, kwa kuukumbuka mgongo uliomlea binti. Lugha yetu basi tangu zamani ina neno ambalo ndani yake mna mgongo, mzigo na jasho la mbebaji. Ongeza -wa ya kutendwa, kama katika mtumwa na mpendwa, na ki- ya vitu vidogo. Wakosoaji waliotaka "kibeleko" hawakufikiri: hicho kingekuwa kitambaa, si kinachobebwa.

Na mzigo ndio swali lenyewe la wataalamu. Nzi mzima hafiki uzito wa punje ya mchele. Mbandike waya na tone la gundi, kisha jiulize kama safari uionayo ni yake au ni ya mzigo: huenda akasita kuruka, akatua karibu, au waya ukanasa majanini. Ndiyo maana huwekwa pamoja nzi wenye waya, wenye gundi tupu na wasioguswa, wakalinganishwa, kabla ya kuamini lolote rada isemalo. Hawaii, ambako ilifanywa kazi iliyochapishwa mwaka 2022 ya kuwafuata kwa rada nzi wa matikiti mmoja mmoja, jambo hilo halikukwepeka. Neno "kifuatiliaji" lalifunika swali hilo kabla halijaulizwa.

Kamati za istilahi hupenda kusema kwamba jina likishapita limepita. Mwaka 2003 wataalamu wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, walimkuta pwani ya Kenya nzi mgeni mla maembe. 2005 akaitwa Bactrocera invadens. 2015 ikathibitishwa kuwa ni Bactrocera dorsalis yuleyule wa Asia, na jina jipya likafutwa. Kama wenye darubini walirudi nyuma baada ya miaka 10, wenye kalamu wana heshima gani ya kupoteza? Nzi huyo, kwa taarifa yao, si mchezo: yeye na wenzake ndio walioifanya Kenya isimamishe maembe yake kwenda Ulaya mwaka 2014, na kujua afikapo ndiko kujua mitego itundikwe wapi.

Najua na jibu la pili: kubeleka ni neno la kina mama wa pwani. Mkutano wa 1928 uliokipa Kiunguja kiti cha Kiswahili sanifu ulikaa mjini humu humu Mombasa, na tangu hapo tumezoea kuambiwa kwamba maneno yetu ni ya nyumbani. Sawa. Nzi naye ni wa nyumbani.

Matumizi ni mepesi: kibelekwa, vibelekwa, kumbelekesha nzi, nzi waliobelekeshwa na wasiobelekeshwa. Atakayeyaona marefu na asome "kifaa cha ufuatiliaji wa mienendo ya mdudu arukaye", ukurasa wa pili wa rasimu hiyo hiyo.